Kila Kitu Kinageuka Bluu

Niliwaambia siku tatu. "Logo tu? Nipeni siku tatu," nikasema kwenye simu, nimekaa chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba yetu Nakwamekwi, Lodwar, laptop imewaka moto mapajani kama kikaango. Ilichukua miezi mitano.

Kikundi kilikuwa cha akina mama 22 wa Kakuma. Wanasuka vikapu vya majani ya mkoma, ule mti sisi Waturkana tunauita eeng'ol. Ukipita kandokando ya mto Turkwel utaiona mikoma imejipanga kama watu wanaosubiri matatu. Nusu ya akina mama hao ni Waturkana wa Kakuma mjini. Nusu ni wakimbizi wa kambini: Sudan Kusini, Kongo, Burundi, Somalia. Duka moja la Nairobi lilikuwa limekubali kuchukua vikapu vyao, kwa sharti kwamba kila kikapu kiwe na lebo na kila lebo iwe na nembo. Ndipo binamu yangu akawaambia kuna msichana Lodwar amesomea mambo ya rangi.

Nimesomea kweli. Miaka mitatu ya chuo Nairobi, miaka miwili katika kampuni ndogo ya matangazo, ambako nilijifunza kusema "rangi hii inajenga imani" bila kucheka. Kisha mkataba ukaisha, kodi ikanishinda, nikapanda basi la usiku kurudi nyumbani na mabegi mawili na deni la simu. Kwa hiyo usinione nikiringa. Hiyo kazi niliihitaji kuliko walivyonihitaji wao.

Kanuni nilikuwa nazo kichwani. Bluu ni imani, nyekundu ni nguvu, kijani ni uhai, manjano ni furaha. Kila mwanafunzi wa ubunifu amekaririshwa hivyo, utadhani dunia nzima ilikaa kikao kimoja ikakubaliana. Nikachagua bluu. Nilifikiria Ziwa Turkana linavyoonekana ukikaribia kutoka Kalokol, hasa asubuhi. Nikachora kikapu kilichotazamwa kutoka juu, mizunguko yake ikiwa kama mawimbi madogo. Bluu nzito katikati, samawati pembeni. Nilikipenda. Nikakiweka hata kwenye status.

*

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120. Nilipokuwa mdogo hiyo ilikuwa safari ya vumbi na msafara wa polisi. Siku hizi kuna lami, na Probox ikijaa mapema unafika kabla hujamaliza podikasti mbili. Tulikutana katika kibanda cha mabati upande wa mjini, karibu na laga ya Tarach. Kulikuwa na chai ya rangi kwenye birika kubwa na mandazi kwenye ndoo. Nikafungua laptop, nikaigeuza waone.

Kimya.

Mama mwenyekiti, Mturkana wa makamo mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita mbuzi kutoka mbali, akaniuliza, "Madam, hii ni ya nani?"

"Ni yenu, mama."

"Hapana. Hii ni yao." Akaelekeza kidevu upande wa kambi.

Nikatazama. Nilikuwa nimepita hapo mara nyingi na sikuwahi kuona. Turubai jeupe lenye herufi za bluu, limezeeka, limekuwa ukuta wa choo. Bango la bluu linaloonyesha njia ya ofisi. Tangi la maji lenye nembo ya bluu. Mtoto amevaa fulana ya bluu ya siku fulani ya kimataifa iliyopita zamani. Gari jeupe, maandishi ya bluu mlangoni. Kambi ilianzishwa mwaka 1992, walipofika vijana wa Sudan waliotembea kutoka Ethiopia baada ya serikali ya Mengistu kuanguka mwaka uliotangulia. Tangu siku hizo bluu imekuwa rangi ya kitu ulichopewa.

Mama mmoja wa Kongo, fundi wa cherehani, akanieleza taratibu kana kwamba mimi ndiye mgeni. "Iyi rangi ni ya hema, madam. Batu batasema ni kintu ya musaada."

Hapo ndipo penyewe. Kikapu chenye nembo ya bluu kingefika Nairobi kikisema: nisaidie. Mnunuzi angekilipia kwa huruma. Na huruma, akina mama hawa wanajua kuliko mimi, ina bajeti, na bajeti hukatwa. Mwaka 2025 mgao wa chakula kambini ulipunguzwa, watu wakaandamana. Vikapu havikuwa tena kazi ya kupitisha mchana. Kwa baadhi yao ndivyo vilivyokuwa sufuria ya jioni.

Nilipofika nyumbani nilisoma kidogo kuhusu bluu hiyo. Ilichaguliwa mwaka 1945, wakati wa mkutano wa San Francisco ulioanzisha Umoja wa Mataifa. Timu ya wabunifu iliyoongozwa na Mmarekani Oliver Lincoln Lundquist iliitafuta rangi iliyo kinyume cha nyekundu, kwa sababu nyekundu kwao ilikuwa rangi ya vita. Miaka michache baadaye bendera ya Somalia, iliyobuniwa 1954 wakati nchi hiyo ikiwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, nayo ikaja na samawati. Sasa fikiria: wabunifu kama mimi, wamekaa mezani mbali huko, wakiwaza kinyume cha vita. Hawakuwaza kwamba mtu anaweza kuishi ndani ya kinyume hicho kwa zaidi ya miaka thelathini.

*

Nikaanza upya. Safari hii nikaenda kwenye shanga. Nyekundu ya udongo, nyeusi, manjano kidogo: zile rangi za picha za Waturkana zinazotundikwa kwenye mapokezi ya hoteli. Nilijiambia hii haiwezi kukataliwa, hii ni nyumbani.

Bibi mmoja wa upande wetu akaitazama sana. "Shanga ni zangu," akasema. "Huyu wa Burundi atauza kwa shanga zangu?"

Yule wa Burundi hakusubiri kutafsiriwa. "Na mimi sitaki shanga zako. Kwetu hatuvai hivyo. Nikisema ni zangu nitakuwa mwongo."

Mambo yakachacha. Mama mmoja wa mjini akasema kila kitu kinachokuja Kakuma huja kwa jina la wakimbizi, na sisi wenyeji tukilala njaa hakuna anayetupiga picha. Mwingine wa kambini akajibu kwa sauti ya chini, na ndiyo iliyoumiza zaidi: "Lakini wewe ukitaka kwenda Nairobi, unapanda basi. Mimi lazima niombe karatasi."

Hakuna aliyesema neno. Ni kweli. Mkimbizi wa Kakuma hatoki kwenda Nairobi bila pasi ya kusafiri. Kikapu chake kilihitaji lebo tu. Yeye alihitaji ruhusa.

Siku hiyo nilirudi Lodwar nikiogopa. Sikujua nembo inaweza kuvunja kikundi. Chuoni tulifundishwa rangi zinazogombana kwenye karatasi. Hatukufundishwa rangi zinazogombanisha watu.

Kikao kilichofuata nikaamua kuwaacha wao wafute. Nilikuja na kadi za rangi, nikazitandaza kwenye mkeka, nikasema kila rangi itolewe kama kuna mwenye neno. Tulicheka siku hiyo, namshukuru Mungu.

Kijani? "Hiyo ni Safaricom. Watu watakuja kutoa pesa."

Nyekundu juu ya nyeupe? "Watatuletea wagonjwa." Na hapo walikuwa sahihi hata kisheria. Msalaba mwekundu kwenye weupe unalindwa na Mikataba ya Geneva, hauchezewi.

Chungwa? Hapo wale wa mjini waliangua kicheko. Wakenya mnajua. Kura ya maoni ya Novemba 2005 tulipewa ndizi ya kukubali katiba na chungwa la kuikataa. Chungwa likashinda, likazaa chama, na tangu siku hiyo hakuna chungwa lisilo na siasa katika nchi hii.

Manjano? "Uko na wazimu? Na 2027 hiyo inakuja? Nikitembea sokoni na kikapu cha manjano nitaulizwa nimepewa shilingi ngapi."

Nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe pamoja? Wa mjini wakaitikia, bendera yetu ya 1963. Mama wa Sudan Kusini naye akatabasamu, kwa sababu bendera yao ina rangi hizo hizo, na juu yake pembetatu ya bluu ya maji ya Nile na nyota. Kwa dakika moja nikadhani tumefika. Kisha yule fundi wa Kongo akauliza kwa upole, "Na siye wengine?"

Nikabaki na kadi moja. Zambarau. Nikadhani hiyo haina mwenyewe.

"Hiyo inaitwaje?" akauliza bibi wa shanga.

"Zambarau, bibi. Ni tunda."

"Tunda liko wapi?"

Nikatazama nje. Mchanga, miiba, bati, jua. Hakukuwa na zambarau.

*

Swali hilo lilinifuata hadi nyumbani. Ukifikiria vizuri, Kiswahili kina rangi tatu tu zinazojisimamia: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Hizo ndizo zinazokubali ngeli: kikapu cheupe, uzi mweusi, udongo mwekundu. Nyingine karibu zote tumeazima kwa vitu. Kijani ni ya majani. Manjano ni ile bizari. Kahawia ni kahawa, kijivu ni jivu, waridi ni ua, samawati ni mbingu. Brent Berlin na Paul Kay walipochapisha utafiti wao wa majina ya rangi mwaka 1969, walisema lugha yenye majina matatu tu ya msingi huwa na hayo hayo: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Mimi nilichojali ni kwamba kwetu rangi haielei hewani. Ina kitu inachokaa juu yake. Na kama kitu hicho hakipo mahali ulipo, unabaki na neno tu.

Usiku mmoja stima zilipotea, nikatoka nje nikamkuta nyanya yangu amelala kwenye ngozi uani. Sisi humwita Ata. Nikamuuliza kwa Kiturkana, "Ata, rangi ni ngapi?"

Akacheka. "Za nini? Za ng'ombe?"

Kwake hakukuwa na swali lingine la rangi. Akaanza kuhesabu, na aliponogewa akaketi. Weupe, ambao mtu akipewa jina anaitwa Lokwang. Unjano, Lonyang. Mwenye madoadoa, Lomeri. Nilikuwa nimesoma na watu wenye majina hayo yote na sikuwahi kuwaza kwamba nimekaa darasani na kundi zima la ng'ombe. Kisha akasema Lopus.

"Lopus ni gani?"

Akanyanyua mkono kutafuta kitu cha kunionyesha, lakini ilikuwa giza. "Kama wingu ambalo halijaamua," akasema. "Si nyeusi, si nyeupe. Kama moshi wa mbali. Hiyo mnayoita bluu, iko humo."

"Bluu ya UN?"

"UN gani?" Ata akauliza. "Baba yangu alikuwa na fahali wa rangi hiyo kabla yangu kuzaliwa. Alimwimbia."

Nililala nikiona aibu, lakini aibu nzuri. Miezi mitatu nilikuwa nikiongea kuhusu bluu kama kitu kilichoshuka na ndege. Kumbe ilikuwa hapa, ikila nyasi.

*

Kilichoamua mambo, hata hivyo, hakikuwa Ata wala mimi. Kilikuwa jua.

Siku ya kikao cha kwanza nilikuwa nimebandika sampuli za ile nembo kwenye mlango wa kibanda, upande unaotazama magharibi, nimezichapisha kwa rangi zote nilizokuwa nazo ili wazizoee. Kisha nikazisahau. Nilipokuja wiki ya kumi na moja, mama mwenyekiti akanishika mkono. "Kuja uone rangi zako."

Zote zilikuwa bluu.

Si bluu ile niliyochora. Bluu dhaifu, ya maji ya kufulia. Nembo ya kijani ilikuwa bluu. Nyekundu na ya machungwa zilikuwa zimekaribia kupotea kabisa. Nyeusi peke yake ndiyo iliyokuwa bado imesimama.

Sababu yake naijua. Mashine ya kawaida huchapisha kwa wino nne: siyani, majenta, manjano na nyeusi. Kila rangi unayoiona kwenye bango ni mchanganyiko wa hizo. Miale ya jua huvunja manjano na majenta kwanza, siyani hustahimili zaidi, na nyeusi, ambayo mara nyingi ni kaboni, masizi tu, huishi kuliko zote. Kama unabisha, nenda kwa kinyozi wa mtaani kwenu. Tazama ile karatasi ya mitindo ya nywele iliyo dirishani. Wale jamaa wote wana ngozi ya bluu. Hawakuchapishwa hivyo.

Lakini kujua sababu ni jambo moja, kusimama mbele ya mlango ule ni lingine. Tuligombana miezi ili tusiwe bluu, na jua la Kakuma likaturudisha pale pale.

Wakati huo huo kulikuwa na barua pepe kwenye simu yangu ambayo sikuwa nimewaonyesha. Shirika moja, silitaji, lilikuwa limejitolea kulipia uchapishaji wa lebo elfu moja za rangi kamili. Sharti lilikuwa nembo yao ikae juu, kubwa, na yetu chini. Waliambatanisha kurasa kadhaa za kanuni: upana, umbali, rangi gani isikaribiane na gani. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika kanuni kama hizo Nairobi, kwa hiyo sikuwachukia. Niliwasomea akina mama, nikatafsiri kwa Kiturkana, mwingine akatafsiri kwa Kiarabu cha Juba, mwingine kwa Kisomali.

Fundi wa Kongo ndiye aliyejibu. Alikuwa akikata uzi kwa meno. "Maisha yetu yote tunapigiwa muhuri," akasema. "Muhuri ya kuingia, muhuri ya chakula, muhuri ya kutoka. Kila siku ya batu bengine. Na siye tupate yetu, basi."

Muhuri. Raba na mpini. Rangi moja.

Sijui ni kwa nini halikunijia mimi, niliyelipiwa ada ya miaka mitatu. Nyeusi kwenye karatasi ya kaki, rangi ileile ya majani ya mkoma yakikauka. Hakuna chama, hakuna kampuni ya simu, hakuna bendera ya mtu mmoja. Haihitaji mashine wala mfadhili. Nilichora ile nembo upya kwa mistari minene, mizunguko mitano ya kikapu na pengo dogo la mlango, kwa sababu muhuri hauwezi kubeba mambo madogo madogo. Ukatengenezwa Eldoret, ukaletwa na basi ndani ya bahasha. Shilingi 1,500, na kidau cha wino 300. Walichanga wenyewe. Mama mwenyekiti aliupiga mara ya kwanza mkononi mwake, akautazama, akampiga na mwenzake shavuni. Ilikuwa kama harusi.

*

Ningependa kumalizia hapo, lakini mama wa Burundi alisema nyeusi peke yake inamkumbusha matanga, na hakuwa mtu wa kunyamazishwa. "Chema chajiuza, sawa," akasema, "lakini hata chema huoga kwanza." Akapendekeza lebo ifungwe kwa uzi, na kila mmoja achague uzi wake. Kila mkono rangi yake. Hivyo hata kikapu kikiharibika, mnunuzi akilalamika, tutajua ni cha nani.

Sababu ya mwisho ndiyo iliyowashawishi wote.

Tukamwaga nyuzi kwenye mkeka. Bibi wa shanga akachukua nyekundu kabla sijakaa. Mama wa Somalia akachukua kijani, wa Safaricom na waseme. Mmoja akachukua manjano na kuapa kwamba hajapewa hata shilingi. Fundi wa Kongo alikataa kuchagua moja. Akasokota tatu pamoja, akasema kitenge hakina rangi moja.

Bluu ilibaki. Nilitaka kuiondoa kimyakimya nisimkumbushe mtu. Nilikuwa tayari nimeandika kichwani mwisho wa hadithi hii: jinsi tulivyoikataa bluu, jinsi tulivyojipa wenyewe rangi. Mkono ukanitangulia. Ulikuwa wa mama mzee wa Sudan Kusini, yule aliyezungumza kidogo kuliko wote, aliyekuja Kakuma mwaka ule wa kwanza, 1992, akiwa na mtoto mgongoni.

"Mama, una uhakika?" nikamuuliza. "Hiyo si ndiyo ya hema?"

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeuliza jambo la kitoto. Akazungumza Kiarabu, na mwenzake akanitafsiria polepole. Alisema: tulipofika hapa hapakuwa na kitu. Jua tu. Walinipa turubai lenye hayo maandishi. Nikalifunga kwenye miti minne, nikamlaza mtoto chini yake. Nyinyi mnaona ni rangi ya kuomba. Mimi naona kivuli.

Kisha akasema neno moja zaidi na wote wanaojua Kiarabu wakacheka. Nikauliza amesema nini.

"Amesema pia inaendana na nguo yake."

Sikuwa na la kujibu. Chuoni waliniambia bluu ni imani. Mama mwenyekiti aliniambia bluu ni yao. Ata aliniambia bluu ni fahali wa baba yake. Huyu ananiambia bluu ni kivuli, na nguo. Wote walikuwa wakizungumza ukweli kuhusu uzi mmoja ulioko kwenye mkeka, na hakuna hata mmoja aliyenihitaji mimi nimwambie rangi inamaanisha nini. Kazi yangu ilikuwa kuacha nafasi ya kuufunga.

Lile duka la Nairobi liliniomba faili la nembo, pamoja na maelezo ya rangi za chapa, zile namba tunazoandika ili rangi isikosewe popote duniani. Niliandika namba ya nyeusi. Chini yake nikaandika: "Uzi: rangi atakayochagua aliyesuka." Wakajibu wakiuliza kama hilo ni kosa la uchapaji. Nikawaambia si kosa.

Katoni ya kwanza ilikuwa na vikapu 60. Tuliipeleka stendi jioni, mimi, mama mwenyekiti na yule mama mzee aliyesisitiza kutusindikiza. Utingo akaipandisha juu ya basi, akaifunga kwa kamba, akatupatia risiti. Hakuuliza karatasi nyingine. Mama mzee alisimama pale mpaka basi likatoweka kwenye lami kuelekea Lodwar, kisha akajitanda vizuri, na tukaanza kurudi.